Tupeane uzoefu: umeme ulipokatika, maji ya tangi la samaki yakageuza njia

Mlinzi wa Dhahabu: Wakuu, jana umeme umekatika, pampu ikanyamaza, halafu bomba likaanza kukoroma. Nimekumbuka mbali. Wenye sampu chini ya tangi (lile tangi la pili linalopokea maji ya juu, pampu ikayarudisha), nani yamemkuta? Mwageni hapa.

Kambale Mzee: Koromo hilo nalijua. Usingizi kwisha.

Mama Guppy: Naandika huku moyo unadunda upya. Tulikuwa safarini. Fundi aliyetufungia alizamisha mdomo wa bomba la kurudishia maji karibu nusu ya tangi, eti mzunguko uwe mzuri. Pampu ikizunguka huoni shida. Siku hiyo umeme ukaenda, maji yakageuka yakashuka na bomba lile lile. Sampu ikajaa, ikafurika, na bomba halina habari, linanyonya tu mpaka mdomo wake ukakuta hewa. Umeme uliporudi, pampu ikapandisha maji yaliyobaki kwenye sampu, ikazunguka kavu mpaka ikaungua. Tunafungua mlango, zulia linafanya chapwachapwa, samaki wamebanana kwenye maji yaliyopungua. Ekstensheni ilikuwa imetundikwa ukutani, la sivyo ningekuwa nasimulia mengine.

Kambale Mzee: Pole dada. Zulia lilipona?

Mama Guppy: Lilinuka, tukalitupa.

Bomba Moja: Funga vali ya njia moja, inayoruhusu maji kupanda tu, kesi imekwisha.

Tilapia wa Mezani: Haijakwisha mkuu. Utelezi au konokono mdogo akikaa kwenye kile kilango, hakifungi. Toboa tundu kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka hadi hapo linavuta hewa, mnyonyo unakatika.

Bomba Moja: Na tundu lako likizibwa na mwani?

Tilapia wa Mezani: Unalisugua. Vali yako utaifikia wapi, nyuma ya kabati?

Bomba Moja: Anayejua kazi anaifunga kwa yunioni, kiungo cha bomba kinachofunguka kwa mkono. Usinifundishe.

Hesabu Kwanza: Mkibishana, pigeni hesabu. Tangi la sentimita 120 kwa 45, kila sentimita moja ya maji ni lita 5.4. Mdomo ukizama sentimita 10, zinashuka lita 54. Sampu yako ina nafasi hiyo? Mimi mdomo nimeuweka juu kabisa, unagusa maji tu. Vali na tundu ni nyongeza.

Mlinzi wa Dhahabu: Na zile pampu ndogo za hewa?

Mama Guppy: Iweke juu kuliko maji. Ikikaa chini bila kivali, maji yanafuata mpira hadi ndani ya pampu. Na kivali kina upande wake: puliza kwa mdomo kwanza ujue hewa inapita wapi.

Kambale Mzee: Mimi nimehamia samaki wa kwenye kalenda.

Hesabu Kwanza: Hahaha. Nyongeza: mkijaza kwa mpira wa bombani, msiuzamishe ndani ya tangi. Presha ikishuka, maji ya samaki yanavutwa hadi kwenye mabomba ya kunywa.

Tilapia wa Mezani: Mkuu mleta mada, zima pampu leo kwa makusudi, ndoo mkononi. Maji yakikaribia ukingo wa sampu, washa haraka, punguza maji, rudia. Yakitulia bila kufurika, washa, subiri yatulie tena, piga alama kwenye sampu. Usijaze kupita hapo.

Bomba Moja: Halafu ufunge vali.