Msaada wakuu: nina mil 1.6, nataka kuunga desktop ya kuediti video za harusi, nipo Dodoma

Mpigapicha_Nkuhungu

Wakuu habari za saivi. Nipo Dodoma huku Nkuhungu, kazi yangu ni video za harusi, send-off, kipaimara na vikao vya hapa na pale. Laptop niliyonayo imeshachoka, ukiweka klipu tatu tu kwenye taimlaini inaanza kukwama, feni inapiga kelele mpaka mteja aliyekaa pembeni anauliza humo ndani kuna nini. Nimejipanga na mil 1.6 niunge desktop mpya, monita na kibodi ninavyo kwahiyo hela yote inaenda kwenye boksi lenyewe. Kamera ni Sony, kazi nyingi ni 1080p, 4K mara mojamoja kwa wenye hela zao. Natumia Premiere (programu ya kuediti video).

Kuna jamaa wa duka kaniandikia hivi: prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi ya A320, RAM 16GB kijiti kimoja, SSD 256GB, pawasaplai ya 500W (haina jina la kueleweka), na keisi ya kioo yenye feni nne za taa. Grafiki kadi anasema nitaongeza baadae hela ikipatikana. Je nipo sawa au napigwa?

kijana_wa_area_d

5600 haina grafiki ndani mkuu. Ukiunga hivyo ukawasha, feni zitazunguka, taa zitawaka vizuri kabisa na monita itabaki nyeusi. Yenye grafiki ni ile ya herufi G mwishoni, 5600G. Muulize huyo jamaa hizo video utakuwa unaziangalia wapi huku unasubiri hela ya grafiki kadi 😂

Fundi_Makole

Aliyetangulia kasema kweli, ila mi nisingekimbilia hata hiyo 5600G, sikiliza kwanza.

Kazi yako ni video na unatumia Premiere. Faili za kamera yako ni H.264 au H.265 (namna za kubana video), na hizo kinachozisumbua ni kule kuzifungua kila unapobonyeza plei, ndo maana laptop inakwama hata kabla hujaweka efekti yoyote. Prosesa za Intel zenye grafiki ndani zina kitu kinaitwa Quick Sync, ni sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya hiyo shughuli tu, na Premiere inaitumia. Kuanzia kizazi cha 11 inafungua mpaka H.265 ya 10-bit 4:2:2 (yenye rangi nyingi zaidi), ambayo Sony nyingi za saivi zinarekodi, na hiyo hata grafiki kadi nyingi za bei ya kati zinashindwa.

Kwahiyo mi naenda na i5-12400, hiyo ni kizazi cha 12. Kokwa (core) 6, nyuzi (thread) 12, inatosha kabisa kazi yako. Ila angalia sana herufi ya mwisho, ukipewa 12400F hiyo F maana yake haina grafiki, yaani na Quick Sync hamna, unarudi palepale kwenye monita nyeusi. Wauzaji wanaipenda F kwa sababu ni rahisi kidogo.

Mazabodi chukua H610 au B660, ila hizi zipo za DDR4 na za DDR5 (vizazi viwili vya RAM), na RAM zake haziingiliani hata kidogo, kale kakipengele cha katikati kamekaa sehemu tofauti. Kwa bajeti yako DDR4. Soketi (pale prosesa inapokaa) ni LGA1700, siku ukiwa na hela unachomoa hiyo unaweka ya kizazi cha 13 au 14 kwenye bodi ileile, unasasisha BIOS tu (programu ndogo ya mazabodi inayowasha mashine). Hiyo A320 ni bodi za tangu 2017, 5600 inaweza isiwake mpaka BIOS isasishwe, na anayekuuzia sidhani kama atakwambia.

RAM usichukue kijiti kimoja cha 16. Chukua viwili vya 8, vinafanya kazi kwa pamoja, na grafiki ya ndani inategemea RAM hiyohiyo kwahiyo utaona tofauti. SSD ya 256 kwa mtu wa harusi ni utani, harusi moja tu na kamera mbili imeshajaa. Angalau NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi) ya 500GB ya kufanyia kazi, na hadidiski ya kawaida ya kuhifadhia.

Hiyo 4K ya mojamoja tengeneza proksi (nakala nyepesi za klipu za kueditia), hailipiwi chochote.

mzee_wa_refab

Mnamtia gharama bure kijana. Refab (mashine iliyotumika ikarekebishwa) ya ofisini, HP EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500, inakuja imekamilika, unaongeza RAM na SSD na chenji inabaki ya lenzi. Muhimu iwe kizazi cha 8 kwenda juu, maana Windows 10 iliisha msaada tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inaanzia hapo. Wale wanaouza OptiPlex 7050 zenye i5-7500, hiyo ni kizazi cha 7, kwa maneno matamu waogope.

Fundi_Makole

Mzee hoja yako naikubali kwa stesheneri au mtu wa Excel. Ila zile boksi nyembamba pawasaplai yake ni ya kwao wenyewe, ikiungua huendi tu dukani ukachukua yoyote, na grafiki kadi zinaingia zile fupi tu. Huyu anataka kitu cha kukuza.

mzee_wa_refab

Sawa, ila bei ya RAM saivi muiangalie, tangu mwishoni mwa 2025 imepanda vibaya mno. Refab unaikuta tayari ina RAM ndani.

Dada_Kisasa

Mmesahau vitu viwili, umeme na vumbi, na yupo Dodoma huyu jamani.

Kaka, pawasaplai usiisome ile namba kubwa ya mbele. Igeuze ubavuni kuna stika yenye jedwali, tafuta mstari wa +12V, chukua ampia zidisha kwa 12. Nimeshika moja imeandikwa 500W kubwaa, 12V yake ni ampia 18, piga hesabu, wati 216. Halafu nyepesi kama kopo tupu. Tafuta yenye jina na cheti cha 80 Plus (cha kutopoteza umeme mwingi), hata ya 450W inakutosha na ziada, maana i5-12400 hata ikikazana mwisho wake ni kama wati 117. Na tenga hela ya UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) mapema, umeme ukikatika katikati ya ku-export unaanza upya, na hadidiski haipendi kabisa hiyo tabia.

Vumbi sasa. Kiangazi na ule upepo wetu, keisi ya kioo mbele inakosa hewa na haina chujio. Chukua keisi ya wavu mbele yenye chujio la kuchomoka, feni mbili za kuingiza, moja ya kutoa, hewa inayoingia ikizidi inayotoka vumbi halipenyi kwenye mianya. Ukipuliza na blowa shika feni kwa kidole isizunguke. Taa za rangi mteja hazioni, anaona video.

Mpigapicha_Nkuhungu

Aisee asanteni sana. Kwahiyo: i5-12400 isiyo na F, H610 ya DDR4, RAM 8 mara mbili, NVMe 500, pawasaplai ya jina, keisi ya wavu. Hadidiski ninayo ya zamani ya 1TB, naanza nayo. Sasa ninunue hapahapa mjini au nipande SGR niende Kariakoo?

kijana_wa_area_d

Uliza bei hapa kwanza, tofauti ikiwa ndogo chukua hapa, kikigoma unarudisha siku hiyohiyo. Ukienda Dar hakikisha wanaiunga na kuiwasha mbele yako, ingia BIOS uone RAM zote mbili zinasomeka na jina la prosesa lisiwe na F, na risiti iandikwe modeli ya kila kifaa, sio "computer 1".

Dada_Kisasa

Na boksi la prosesa usilitupe, feni yake inakuja humohumo, wengine wanaitoa wanakuuzia kivyake.