Makampuni ya makaa ya mawe yaliipataje ardhi ya wakulima wa Appalachia?

Mkaazi wa Wete
Assalaam alaykum wanabaraza. Katika milima ya Appalachia nchini Marekani, khasa Kentucky ya mashariki na West Virginia, makampuni ya makaa ya mawe yaliingia karne ya 20 yakiwa tayari yanamiliki maeneo makubwa yaliyokaliwa na wakulima kwa vizazi. Je, ardhi iliwatoka kwa madeni, kama mashamba yetu ya mikarafuu yalivyowekwa rehani hata ikatungwa sheria ya mwaka 1934 ya kuzuia yasihamishwe?

Shamba la Mkoani
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Deni halikuwa ndio mlango mkuu. Wengi wao hawakuuza ardhi, bali waliuza kilichomo chini yake, nao wakaendelea kukaa juu, kwa kuwa sheria ya huko inaruhusu uso wa ardhi uwe na mwenyewe na madini yawe na mwenyewe mwengine. Sisi Pemba hatulistaajabii sana jambo hilo, kwani mikarafuu huweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwengine. Lakini auzaye mikarafuu huhesabu mashina yake, ilhali mkulima yule aliuza kitu asichokiona.

Mnunuzi mashuhuri alikuwa John C. C. Mayo, mwalimu wa skuli wa Paintsville, Kentucky, na mwenyeji wa milima hiyo hiyo (na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililomfungulia milango), aliyenunua haki za madini kwa bei ambayo mara nyengine ilikuwa senti 50 tu kwa eka. Fedha taslimu ilikuwa adimu kwa watu waliojilimia chakula chao, na wasiojua kusoma walitia alama ya msalaba pahala pa saini. Hati ilimpa mnunuzi madini pamoja na ruhusa ya kukata miti, kutumia maji, kupitisha njia na kufanya lolote aliloliona linafaa katika uchimbaji, bila ya kudaiwa fidia ya uharibifu. Kodi ya uso wa ardhi iliendelea kulipwa na mkulima.

Bi Sheria wa Ng'ambo
Msizisahau hati za kale. Mwishoni mwa karne ya 18 jimbo la Virginia, ambalo Kentucky na West Virginia zilimegwa kutoka kwake, liligawa maeneo makubwa ya milima hiyo kwa walanguzi, mengi yakiwa na mipaka iliyopandana, na wakulima wadogo wakaja kufyeka na kujenga bila ya hati madhubuti. Reli ya Norfolk and Western ilipoanza kusafirisha makaa ya eneo la Pocahontas, mpakani mwa Virginia na West Virginia, mwaka 1883, hati hizo zilizolala zikapata wanunuzi, na mkulima akajikuta mahakamani mbele ya kampuni yenye mawakili na wapimaji wake.

Mkaazi wa Wete
Ahsanteni sana. Na saini ya babu iliwafunga wajukuu mpaka lini?

Shamba la Mkoani
Kwa muda mrefu. Hati zilisainiwa zama za kuchimba kwa mashimo ya chini, lakini mashine za kufukua mlima kutoka juu zilipokuja, makampuni yalidai kuwa ruhusa ile inazihusu pia, na mwaka 1956 mahakama ya rufaa ya Kentucky ikayakubalia. Wapiga kura walibadilisha katiba ya jimbo mwaka 1988 ili uchimbaji ufuate njia zilizojulikana eneo hilo wakati hati ilipoandikwa, na mwaka 1993 mahakama kuu ya jimbo ikayaunga mkono mabadiliko hayo. Makaa yenyewe, hata hivyo, yalibakia kuwa ya makampuni.