Golf au Premio? Kila nchi inasifu gari yake, nipo Tanga naombeni ushauri

MamaPacha_Pongwe
Wakuu, shikamooni mliotutangulia, wengine habari za jioni.

Naishi Pongwe, kazi yangu ipo Muheza, kila siku kwenda na kurudi. Mwisho wa mwezi napandisha Lushoto kumwona mama. Nimejichanga miaka minne, nimechoka kubanana kwenye daladala na pacha wawili. Nimepata gari mbili, zote mtumba wa Japani, zote zipo Dar: Volkswagen Golf ya 2010, injini 1.4 yenye turbo na giaboksi ya DSG ya gia saba, inayobadilisha gia yenyewe. Na Toyota Premio ya 2008, injini 1.5. Golf ni nafuu kwa milioni mbili na ushee. Nimeikalia. Mlango wake ukiufunga unatoa mlio mzito kama kabati la mninga, na moyo wangu ulibaki pale.

Kilichonivuruga ni kusoma. Ripoti za Wajerumani zinamsifu Mjerumani. Za Wamarekani zinampa Mjapani kwenye uimara. Halafu nikakuta kwamba Machi 2013 televisheni ya taifa ya China ilirusha malalamiko ya wenye gari kuhusu giaboksi hiyohiyo ya DSG, gari inapoteza nguvu ikiwa barabarani, na siku chache baadaye Volkswagen wakatangaza kuziita gari 384,181 zirudi kurekebishwa. Shemeji yangu anasema Wachina walikuwa wanampiga vita mgeni. Hela hii ni ya jasho, sina ya kurudia. Nimwamini nani?

FundiNgamiani
Dada, shemeji yako ameiona nusu. Kule China Volkswagen anaunda gari kwa ubia na kampuni za serikali yao wenyewe, kwa hiyo kumpiga yeye ni kujipiga nao. Na Novemba mwaka uleule Volkswagen wakaita gari milioni 1.6 duniani kubadilishwa oili ya giaboksi hiyo. Oili ya sintetiki iliyokuwemo, kwenye joto na unyevu na mwendo wa kusimama-simama, ilikuwa inaweza kuleta shoti kwenye umeme wa giaboksi.

Yarudie hayo maneno: joto na unyevu. Hiyo si ndiyo Tanga? Mwandishi wa Ujerumani anayejaribu gari mpya kwenye baridi hakukudanganya, ila hakukutana nalo. Mimi ripoti ya nje nikiisoma naangalia kwanza gari ilikuwa na umri gani na ilitembea kwenye hewa gani, ndipo nitazame nani kaandika.

DSG ya gia saba ya hiyo 1.4 ina klachi mbili kavu. Zikichoka, gari inatetemeka unapoondoka taratibu, hasa kwenye kimlima. Milioni mbili unazookoa leo zinaweza kuishia hapo.

Lakini usije ukadhani Premio ni ya kufumba macho. Hiyo ya 2008 giaboksi yake ni CVT, haina gia za hatua kwa hatua, ndani mna mkanda wa chuma, na inataka oili yake yenyewe. Wengi wanamiminiwa ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, halafu gari ndiyo inalaumiwa. Injini ni 1NZ, ileile ya IST na Probox, spea zake hapa Ngamiani unapata kabla chai haijapoa.

Mzee_wa_Chumbageni
Marahaba mwanangu. Upendeleo upo, tusifichane. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Januari 2014 chama kikubwa cha wenye magari Ujerumani, ADAC, kilikiri kwamba kura za gari inayopendwa na Wajerumani zilichezewa. Golf ilipata kura 3,409, zikatangazwa 34,299. Mkuu wao wa mawasiliano akaachia ngazi, na mwezi uliofuata rais wa chama naye akaondoka. Ndiyo hiyohiyo Golf iliyokushika moyo.

Na upendeleo hauko kwa waandishi peke yao. Kule California, Fremont, Toyota na General Motors walikuwa na kiwanda cha pamoja toka 1984. Kikatoa Corolla, na kikatoa Geo Prizm ambayo ni Corolla ndani ya nguo nyingine. Mafundi walewale, kiwanda kilekile. Watu wakaikimbilia Corolla, na Prizm ikashuka bei haraka zaidi ikifika sokoni mtumba. Kwa hiyo hata jina la Toyota usililipie hela. Lipia gari iliyo mbele yako.

Dereva_Horohoro
Mimi gari yangu ya kwanza, chapa siitaji, ilinifia karibu na Soni usiku na mzigo wa watu. Giaboksi. Nilikaa siku sita nasubiri spea. Dada unayepanda Lushoto, chukua ile ambayo fundi wa Mombo anaijua.

Nesi_Makorora
Naongeza moja ambalo huku halisemwi, na linanikera kweli. Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika 2017, ilifungwa kwenye gari za Wajapani na za Wajerumani vilevile. Kilipuzi cha ndani kinaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ajali ikitokea kinarusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Barua ya kuiita gari inakwenda kwa mwenye gari Japani, wewe wa Pongwe haikufikii. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujatoa hata shilingi. Na pacha wakae nyuma.

MamaPacha_Pongwe
Mungu awabariki. La Takata limenikosesha usingizi. Nimemwandikia muuzaji wa Premio anitumie namba ya chasisi na karatasi ya mnada wa Japani nione kilomita za kweli. Golf nimeiacha, japo roho inauma. FundiNgamiani, Jumamosi nikiwa Dar wakinitolea oili ya CVT niione, nitaijuaje?

FundiNgamiani
Usiangalie rangi tu, inuse. Ikinuka kuungua, panda basi urudi Tanga.