Mrejesho: Maharage yaliyokataa kuiva ugenini

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita niliuliza kwa nini mapishi ya mama, tuliyohamia nayo ughaibuni, yalikuwa yakitoka tofauti ingawa sikuwa nimebadilisha kipimo hata kimoja: maharage yalibaki magumu baada ya saa tatu motoni, na unga nilioukanda ulininata mikononi.

Aliyenishauri nichunguze maji kabla ya kuulaumu mkono wangu alisema kweli. Ndani ya birika letu kulikuwa na utando mweupe wa chokaa, dalili ya maji magumu, yaani yenye madini mengi, na madini ya kalisi yaliyomo hushikamana na pektini ya maharage (kitu kinachoshikanisha seli zake kama gundi) na kuyazuia yasilainike. Nilipoyaloweka usiku kucha katika maji ya chupa yenye madini machache, pamoja na chumvi kidogo (ambayo maisha yangu yote nilikuwa nimekatazwa kuitia kwenye maharage kabla hayajaiva), yaliiva kwa saa moja na robo. Unga haukunisumbua sana: wa huku una protini kidogo, hivyo hunywa maji machache, nami sasa huyamimina kidogo kidogo.

Lililobaki ni la watoto, ambao wamezoea chakula cha shuleni na hulalamika kwamba cha nyumbani kinawasha. Nimeiondoa pilipili sufuriani na kuiweka mezani, kila mtu ajipimie. Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama angalau kitunguu bado ninakikaanga mpaka kiwe cha kahawia. Ninakikaanga.