Kaka kaweka nyumba ya marehemu baba rehani, tangazo la mnada limebandikwa getini

Mwana wa Kihonda (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Nyumba ipo Kihonda, Morogoro. Mzee alifariki 2016 bila wosia. Kikao cha ukoo kikampendekeza bro mkubwa, Mahakama ya Mwanzo ikampa usimamizi wa mirathi. Tangu hapo hakuna kilichogawanywa. Mama anaishi humo na wadogo zetu wawili.

Mwaka jana walikuja vijana na futi, wakapima na kupiga picha mpaka jikoni. Bro akamwambia mama ni watu wa kodi ya majengo. Kumbe wathamini wa benki! Ijumaa tumekuta karatasi ya dalali getini: deni milioni 38, mnada baada ya siku 14. Bro hapokei simu, mkewe anasema biashara ya mpunga imekata mtaji. Mama hajasaini popote. Tuanzie wapi?

Pwaguzi
Poleni. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021, nani anakuja na futi? Ila kama mama hajasaini mmeshashinda. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Wakili wa Mtaa
Taratibu, mkuu. Kifungu hicho kinamlinda mwenza wa anayeweka rehani. Hapa aliyeweka ni mtoto, benki itaonyesha ridhaa ya mke wake na kusema imetimiza wajibu.

Nguvu yenu iko kwenye mirathi. Msimamizi si mmiliki, ameishika mali kwa niaba ya warithi. Kwa hiyo nendeni kwa Msajili wa Hati mkafanye upekuzi. Kama hati ina jina lake "kama msimamizi wa mirathi", benki iliyaona maneno hayo na bado ikatoa pesa. Kama alishaihamishia kwake binafsi, kazi ni nzito zaidi, mtalazimika kuonyesha alihamisha kwa ujanja gani.

Mnada unasimamishwa na amri ya zuio la muda. Fungueni shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mama na warithi wawe wadai. Benki, dalali na kaka wadaiwa. Wahini kabla ya mnada, maana mnunuzi wa nia njema, yaani aliyenunua bila kujua kuna kasoro, sheria inamlinda mno.

Binti wa Ngamiani
Ombeni nakala ya jalada la mirathi. Msimamizi alitakiwa kupeleka orodha ya mali, Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne, kisha hesabu ya mgawanyo, Fomu Na. 6. Kama ya 6 ipo, kagueni sahihi zenu moja moja. Sisi tulikuta sahihi ya mwandiko mzuri kabisa ya shangazi ambaye maisha yake yote anaweka dole gumba.

Mstaafu wa Mikopo
Barua iende benki kesho asubuhi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Benki inataka hela yake, haitaki nyumba yenye kesi. Ulizeni pia notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa ilipokelewa na nani. Wakopaji wengi huificha chini ya kiti cha gari.

Kipepe
Kaeni kikao kwanza. Damu nzito kuliko maji.

Mwana wa Kihonda (mtoa mada)
@Kipepe, kikao na nani, wakati simu hapokei?

Mrejesho: jalada tumeliona, Fomu ya 5 ipo, ya 6 hakuna. Hati bado inasomeka "msimamizi wa mirathi". Mama amekubali kuwa mdai, ila ana sharti: mwanawe asiitwe mwizi kwenye karatasi yoyote ya mahakama.

Wakili wa Mtaa
Si lazima aitwe. Andikeni "alitenda nje ya mamlaka yake", inatosha. Barua ya benki imeshapokelewa?