London ipi?

*Majirani Section 58, Nakuru. Jumamosi jioni*

Baba Kevo: Hamjambo majirani. Nina elfu ishirini imekaa tu. Kijana wangu anasema ninunue hisa za ng'ambo kwa simu, za New York na London. Mwaonaje?

Otis wa Boda: London ipi mzee, hii yetu ya hapa Nakuru, kwa jaa la taka la Gioto? 😂

Mama Shiru: 😂😂 Huko hisa ni chupa za plastiki.

Mwalimu: Otis, tulia. Baba Kevo, isije ikawa karo hiyo.

Baba Kevo: Karo iko kando, Mwalimu. Hii ni ya mahindi niliyouza.

Mwalimu: Haya, tupige hesabu. Januari 2024 dola ilifika karibu 160. Elfu 20 zako zingekupa dola 125. S&P 500, kile kipimo cha kampuni kubwa 500 za Marekani, mwaka ule kilipanda kama asilimia 23. Kwa hivyo una dola 153 na ushee. Tuko pamoja?

Baba Kevo: Tuko pamoja. Hapo nimeshaomoka.

Mwalimu: Ngoja kwanza. Desemba unazirudisha nyumbani, dola imeshuka hadi 129. Nani ana kalkuleta?

Shiru: 19,834.

Mama Shiru: Ati nini? Hisa zimepanda na pesa zimepungua?

Mwalimu: Na sijatoa ada ya broka wala ya kubadilisha pesa. Mwaka huohuo hisa za Nairobi zilipanda vizuri tu, tena kwa shilingi.

Shiru: Mwalimu, shikamoo, lakini umechagua mwezi unaokufaa 😏 Mwanzo wa 2020 dola ilikuwa kama 101. Aliyenunua wakati huo akauza dola ikiwa 160 alikula kwa hisa na akala kwa dola. Na Nairobi nako, ukitoa Safaricom na mabenki unabaki na nini? Babu yangu aliweka zote kwa kiwanda kimoja cha sukari. Cheti cha hisa bado kiko ndani ya Biblia yake, pale kwa Ayubu.

Mwalimu: Hapo umenishika.

Mama Shiru: Na gawio je, ile faida kampuni hugawia wenye hisa? Mimi hupenda kitu kinachoingia.

Shiru: Mum, gawio la Marekani Mkenya hukatwa asilimia 30 hukohuko. Hapa mkazi hukatwa 5. Ukitaka gawio, baki Nairobi.

Mama Otieno: Mimi nilitumia mtu wa Telegram elfu 15, ati hisa za Marekani. Kila asubuhi naamkia namba za kijani, zinapanda tu, hata Jumapili. Siku ya kutoa akaniambia nitume "kodi" elfu 6 kwanza. Nikajua nimeliwa.

Mwalimu: Pole sana mama. Hata Jumapili! New York hufunga Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi hufungua saa kumi na nusu jioni yetu, au saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi yao. Na broka wa kweli hukata chake kwa pesa yako, hakwambii utume nyingine. Baba Kevo, tafuta jina lake kwenye orodha ya CMA, wale wasimamizi wa masoko ya hisa Kenya, kabla hujatuma hata bob.

Baba Kevo: Nimeelewa. Basi nijaribu na elfu 5 nisiyohitaji hivi karibuni, ile 15 iende chama.

Mama Kevo: Baba Kevo, mahindi gani umeuza?

Otis wa Boda: Soko limeporomoka 😂😂😂

Baba Kevo: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Kevo: Nimeshausoma.