Unga wa nano kwenye epoksi: mbona draiva bado inachemka?

fundi_taa_moro:
Wakuu, salaam. Natengeneza taa za LED za barabarani hapa Morogoro. Kinachonisumbua ni joto: draiva (saketi zinazolisha LED umeme) zikishafunikwa epoksi (gundi ya plastiki inayoganda) zinajipika humo ndani. Nikaagiza unga wa alumina (oksidi ya alumini) wa nanomita 20, nikiamini ukiwa laini zaidi joto litapita vizuri zaidi. Nikakoroga gramu 10 kwenye gramu 90 za epoksi. Ikawa nzito kama uji wa ulezi uliopoa, mapovu tele. Baada ya saa nzima ya kuwaka, draiva ya epoksi tupu ilifika nyuzi 81, ya unga nyuzi 80. Nimekata kipande kwa msumeno wa chuma, ndani kuna mabuje meupe. Si alumina inapitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko epoksi?

mwl_fizikia:
Mkuu, anza na ujazo. Alumina ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko epoksi, kwa hiyo gramu zako 10 ni asilimia 3 tu ya ujazo. Kwa hesabu ya mwanafizikia Maxwell ya 1873, chembe za duara zilizotawanyika kwa kiasi hicho zinaongeza upitishaji asilimia 10 hivi, hata zingekuwa za almasi. Kila chembe imezingirwa na epoksi, joto halina njia nyingine.

dada_polima:
Kaka, hapo kwenye unga laini hata mimi nilipoteza muhula mzima maabara. Ndani ya alumina joto husafiri kama mitetemo ya atomi. Ikigonga mpaka wa epoksi, mitetemo hailingani na sehemu kubwa inarudishwa. Mwanafizikia Kapitza alilipima jambo hili mwaka 1941 kati ya heli ya kimiminika na metali. Sasa, kwa uzito uleule, chembe za nanomita 20 zina eneo la uso mara 1000 ya chembe za mikromita 20 (mikromita moja ni nanomita 1000). Umenunua mipaka, kaka! Chembe ikiwa ndogo mno inaweza hata kuzuia joto.

Tafuta alumina ya mikromita 20 hadi 50, uchanganye na ya mikromita chache ili izibe nafasi. Lenga nusu ya ujazo: kama gramu 340 kwa gramu 100 za epoksi. Hapo upitishaji unapanda mara nne au zaidi. Pasha epoksi kidogo imiminike, na uvae barakoa. Grafaiti na mirija ya kaboni usiguse: zinapitisha umeme, na draiva yako ina volti 230.

fundi_taa_moro:
Asante sana dada. Ila chembe kubwa hivyo si zitazama kabla epoksi haijakauka?

dada_polima:
Kwa wingi huo zinashikana zenyewe. Na ule unga wako wa nano usiutupe: kidogo tu unaufanya mchanganyiko uwe mzito kama uji, chembe kubwa hazizami.